Zain na kibao cha baba

Jane, acha unachofanya usome hii.

Si unajua kaka yangu Zain amegoma kwenda kusoma sheria? Eti anataka kwanza auze dukani mwaka mzima, ayajue maisha. Basi leo baba kamwachia kaunta.

Mteja wa kwanza, mama mmoja kutoka Mgeta, karudisha khanga. Kaifua mara moja tu, imechuja rangi yote.

Baba akamwonyesha kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Zain akasimama. Akasema kibao kimezibwa na feni, mteja hakukiona, kwa hiyo hakimhusu.

Jane, dukani kwetu. Mbele ya wateja.

Baba akamuuliza, "Wewe uko upande wa nani?"

"Wa mteja."

Wa mteja! Hata hakusita.

Duka zima likacheka. Baba karudisha hela huku jasho linamtoka.

Yule mama naye kanogewa. "Mwanangu, nina kesi ya shamba, utanisimamia?"

Zain akamjibu kwa upole, "Nisamehe mama, kwanza nafanya biashara."

Baba, huku anakunja ile khanga, hata hakuinua macho. "Biashara umeacha leo."