Nimemwandikia mwanafunzi sifuri zake, na Alhamisi ataitwa ubaoni

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu Loveness ambaye huwa namwambia yote: nimesahihisha mtihani wa mtoto kwa kuandika majibu mimi mwenyewe.

Nina miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne na nasubiri kuingia cha tano, kwa sasa najitolea kufundisha hisabati darasa la pili katika shule moja ya binafsi huku Pongwe, mwalimu mkuu ni mama mdogo Ruthi, na ndiye ninayeishi kwake. Mwaka huu tumeletewa njia mpya ya kufundisha, tumepewa kiongozi cha mwalimu ambamo kila neno limeandikwa, mwalimu aseme hivi, agonge meza, darasa zima lijibu hivi, hakuna kuongeza wala kupunguza. Walimu wakubwa hawakipendi, mwalimu Asheri anasema ofisini, "Miaka ishirini nafundisha, leo nageuzwa redio," wenzake wanacheka na mimi nacheka nao, lakini ukweli ni kwamba mimi nakipenda, maana nina aibu sana, nimesoma kwa Kiswahili shule ya msingi na kwa Kiingereza sekondari na kote huko sikuwahi kunyoosha mkono, sasa nikisoma maneno ya kitabu sauti haitetemeki, na watoto wanaelewa, hata Blessing aliyekuwa havuki ishirini sasa anahesabu mpaka mia tatu.

Basi siku tuliyosoma namba 205, mtoto mmoja, nimwite Alefiya, akanyoosha mkono akasema, "Ticha, si umesema sifuri ni hakuna kitu? Kama hakuna kitu, si tuifute?" Jibu nilikuwa nalijua. Lakini kwenye kiongozi halikuwemo, nikatafuta mstari unaofuata, nikagonga meza, nikasema "Sote," wakaitikia mia mbili na tano, naye akashusha mkono, na hajaunyoosha tena mpaka leo. Ulipokuja mtihani nikakuta ameandika 25 penye 205, 48 penye 408 na 61 penye 601, alama za raba zinaonekana kabisa, yaani aliziandika sifuri halafu akazifuta, nikaona haya, nikachukua penseli nikazirudisha, nikaweka vema.

Darasa langu likawa la kwanza. Alhamisi ya wiki ijayo wanakuja walimu wa shule za jirani kutazama njia hii inavyofanya kazi, na mama mdogo amesema tukiwa mezani, "Huyo Alefiya wako ndiye tutamwita ubaoni, wewe tulia tu usome kitabu chako," nikasema sawa mama. Sasa sijui, nijifanye naumwa, au nimkaririshe namba chache, au nijitoe niseme njia hii ni mbaya, na si mbaya, ndiyo maana nachanganyikiwa. Nikisema anaaibika mama mdogo, nikinyamaza anaaibika mtoto. Nasikia kandambili zake zinakuja mlangoni, naificha karatasi hii chini ya madaftari.

Ticha Mdogo, Pongwe

BI SABIHA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina nimeyabadilisha yote, na barua yako nimeitanguliza kwa sababu ya hiyo Alhamisi.

Pole. Kusimama mbele ya darasa na miaka kumi na saba si mchezo. Mimi nilipoanza kusema redioni nilisoma kila kitu kwenye karatasi, hata "habari za asubuhi". Kwa hiyo kiongozi usikisingizie. Kimekupa sauti na kimemfikisha Blessing mia tatu. Lakini aliyekiandika hakumsikia Alefiya. Wewe ulimsikia, na jibu ulikuwa nalo mdomoni.

Sasa nikugombeze. Zile sifuri hukumwandikia kwa huruma, uliziandika usije ukaulizwa wewe. Halafu unasema wengine wameelewa. Umejuaje? Wameandika walichoitikia. Aliyefikiri ni mmoja, akakosea, nawe ukamfichia kosa lake asilione.

Kuumwa usijifanye. Kumkaririsha ndiyo usithubutu kabisa, mgeni akimwambia aandike 307 utamnong'oneza kutoka wapi?

Kesho beba vijiti darasani, mafungu mawili ya mia mia na vijiti vitano pembeni. Funga kiongozi. Mwambie Alefiya mbele ya wenzake, "Uliniuliza swali zuri sikukujibu, nisamehe." Mwache aifute sifuri ubaoni, asome kilichobaki, kisha avihesabu vijiti. Hapo utaona ni wangapi wengine watashtuka. Ukimaliza, fungua kitabu chako uendelee. Sauti itatetemeka. Iache itetemeke, watoto wa la pili hawana habari nayo.

Siku hiyohiyo umwambie mama yako mdogo, mkiwa wawili, na karatasi ya mtihani mkononi, alama zirekebishwe. Atakasirika, na ana haki. Heri akasirike jikoni kwake kuliko kuduwaa mbele ya wageni. Halafu umwombe hivi: Alhamisi, kama mtoto mwenyewe anataka, Alefiya aitwe kuuliza swali lake lile lile, na wewe ulijibu. Hao wageni ni walimu, nao wana akina Alefiya wao.

Na ukisikia tena kandambili zinakuja, usifiche kitu chini ya madaftari. Ichukue ile karatasi ya mtihani, umfungulie mlango.