Mkebe wa Mafuta ya Breki

Sekei, Jumamosi usiku

Mkebe uko hapa mezani, haujafunguliwa, na mdogo wangu Godlisten ameshaondoka na gari.

Niliukuta jioni nikifagia banda, umeviringishwa kwenye khanga kuukuu nyuma ya matairi. Ni mafuta ya breki niliyompa fundi wetu, Mzee Elibariki, ayatie kwenye gari la mashindano la Kijapani aliloniachia baba. Nilikimbia hadi kwake.

"Shikamoo mzee. Mbona mafuta hukuyatia?"

"Marahaba mwanangu. Nimekufichia. Yakiadimika tena utafanyaje? Nimetia maji ya sabuni, kama enzi zile."

Siku hizi yanauzwa kila duka! Lakini mzee haamini kwamba kesho yatakuwepo. Nilitaka kumfokea, nikarudi nyumbani mbio.

Maji ya sabuni yakipata moto yanachemka, na ukikanyaga breki unakanyaga hewa. Na huyu mdogo wangu anavyoendesha... Yuko Kikatiti kwa mama, kesho anarudi naye. Yaani, kama alifika. Nyumbani kule hakuna simu.

Usiku huu sipati usafiri. Nitatoka alfajiri, niwawahi kabla hawajaanza safari. Nimejaribu kusali, kila mara naishia katikati. Naogopa. Gari likiharibika nitalitengeneza tena, lakini mama...

Mchana pale getini Godlisten alikanyaga breki mara mbili, akacheka. "Dada, fundi wako kiboko! Breki laini kama siagi."

Nami nikampungia mkono.