Virusi vya Beseni la Mama Mkubwa

Jumatatu, 27 Mei

Majibu yametoka. Nimeyasoma kabla ya mtu yeyote — ndiyo faida ya kufanya kazi maabara, na ndiyo adhabu yake. Bakteria wa kidonda cha mguu cha Mama Mkubwa Pokuaa, wale wa usaha wa kijani, hawasikii dawa. Nimejaribu kumi na mbili. Zote zimegonga mwamba!

Daktari mpasuaji kasema mguu ukatwe chini ya goti, Jumatatu tarehe 10. Kusubiri zaidi, na sukari ile, ni kumpoteza mwenyewe. Mama Mkubwa akamwuliza, unga wa mahindi wa zile kenkey anazopika kuuza hukorogwa kwa mguu mmoja?

Huyu ndiye aliyenilea. Sikubali.

Jumanne, 28 Mei

Nimemweleza mkuu wangu wa maabara, Daktari Asibi, wazo langu. Akakunja uso. "Dufie, unataka kumpa mgonjwa virusi?" Ndiyo! Virusi vinavyoua bakteria. Viko popote penye uchafu. Akacheka, akasema haya mdogo wangu, kavue basi, mitaro ya Kumasi haina mwenyewe.

Chupa sita. Machinjioni, sokoni, mitaro miwili ya hospitali, wa stendi, na ule wa nyuma ya bafu letu hapa Bantama. Mama mmoja sokoni akaniuliza kama kwetu bomba limekauka kiasi hiki.

Alhamisi, 30 Mei

Chupa tano, bure. Ya mtaro wetu — matundu!

Bakteria wa kidonda nimewaotesha kwenye sahani, wanaonekana kama utando wa maziwa, nikawadondoshea maji ya kila chupa. Palipo na tundu, kirusi kimejipachika kwa bakteria, kimemdunga maagizo yake, bakteria kaacha shughuli zake akaanza kutengeneza virusi tu, hadi akapasuka. Vikatoka vingi vikavamia majirani. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja.

Daktari Asibi kainua sahani kwenye mwanga. Akaguna. Matundu yale makubwa yana ukungu katikati, yaani kuna bakteria waliobaki hai. Kirusi cha aina hiyo kinaweza kuingia na kutulia. Kinajiandika ndani ya vinasaba vya bakteria, na bakteria akizaa, nacho kimo. "Huyu si askari, huyu mpangaji," kasema. Hatumtaki.

Ila pembeni kuna tundu moja dogo, kama ncha ya pini. Safi kabisa. Nimelidonoa nikaoteshe.

Jumamosi, 1 Juni

Mimi ni mjinga. Niandike hivyo hivyo.

Nilichodonoa hakikuota. Na maji ya chupa yameisha. Nikasema si neno, nitachota tena. Kumbe leo Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku ya usafi! Na katibu wa usafi wa mtaa ni nani? Mimi. Aliyegawa klorini, akahimiza isiachwe hata kona moja? Mimi. Nimefika na chupa yangu, mtaro unang'aa, wanawake wananipongeza: "Madam Katibu, hata nzi leo hana pa kutua!" Nikashukuru. Nikaingia bafuni kulia.

Jumapili, 2 Juni

Nimemweleza Mama Mkubwa yote. Neno virusi likamtisha. Corona ilimchukua mumewe, leo nataka kummwagia kingine mguuni?

Nikamwambia kila kirusi kina mlango wake. Cha corona huingia seli za mapafu, zikawa viwanda vyake. Cha tetekuwanga hujificha kwenye mishipa ya fahamu miaka na miaka, kikiamka ni mkanda wa jeshi. Cha UKIMWI hujiandika ndani ya seli za kinga. Hivi vyangu kwenye seli ya mtu havina pa kuingilia. Vinajua bakteria wao tu.

Akafikiri. "Sasa vimefuata nini mtaroni kwetu?"

Lo! Sikuwa nimejiuliza. Vinakaa walipo bakteria wao. Na wao ni wa kidonda. Nikamtazama. Akaangalia ukutani.

"Mama Mkubwa. Vile vitambaa vya kidonda, ulivichoma?"

Hata kimoja! Nesi anayekuja nyumbani kusafisha kidonda kila siku anaambiwa vimechomwa. Bandeji zilipokwisha alichana nguo ya msiba ya bibi, ile nyeusi na nyekundu aliyoirithi, na nguo ya mama yake hawezi kuitia moto. "Nikikutana naye nimwambie nini?" Kaviloweka kwenye beseni nyuma ya pipa, maji anamwaga mtaroni. Nikalifunua. Harufu, Mungu wangu! Ningemgombeza. Nikamkumbatia, nikakimbilia chupa.

Alhamisi, 6 Juni

Kwa maji ya beseni, sahani zimekuwa kama chujio! Matundu safi, hakuna ukungu. Nimedonoa na kuotesha mara tatu, kila mara vile vile. Daktari Asibi kakagua vinasaba vya kirusi hiki: hakina uwezo wa kujiandika na kulala. Kikiingia kinaua tu, bakteria mmoja anatoa virusi mia na zaidi. Bosi wangu kacheza — kacheza! — na koti lake la maabara.

Ijumaa, 7 Juni

Kamati ya hospitali imeruhusu. Mpasuaji hakupenda. Kasogeza upasuaji hadi Alhamisi tarehe 13, siku moja zaidi hataki. Haki yake.

Jumamosi, 8 Juni

Mama Mkubwa kalazwa wodini, tumemtia kidondani matone ya kwanza. Mama Mkubwa akainamia kidonda: "Haya, kuleni. Msione haya."

Jumanne, 11 Juni

Homa iko juu. Usaha bado. Siandiki.

Alhamisi, 13 Juni

Niko kwenye benchi nje ya wodi. Fomu ya kukubali mguu ukatwe ninayo mkononi, mimi ndiye wa kusaini. Kalamu hii hii. Alfajiri homa imeshuka — imeshuka kweli, au ni vidonge? Naogopa kufurahi.

Mpasuaji yuko ndani dakika ishirini sasa. Namsikia Mama Mkubwa anamwambia apunguze kubonyeza, anaumia. Anaumia! Wiki nzima alikuwa hasikii kitu mguu ule.

Katoka. Hajauliza fomu. Kauliza ile chupa imebaki kiasi gani. Robo, nikasema. Kasema nikazalishe nyingine, leo leo, na fomu ile niirudishe bila saini.