Karatasi ya Mgongo wa Shati

Dada mpendwa,

Mwongozaji alitamka jana alasiri, baada ya sisi waandishi wa habari kuonyeshwa filamu iliyotokana na riwaya yako, kwamba kazi imefungwa na hakati tena hata sekunde moja. Jina lako litabaki mwanzoni mwa filamu, isipokuwa umkataze kwa maandishi kabla ya Jumatatu saa sita mchana. Hilo ndilo jipya. Mengine ni ya heri: mimi mzima, goti la mama limetulia, na natumaini kile kikohozi chako kimekuaga.

Uliniagiza niitazame filamu kitabu kikiwa mapajani, nikueleze bila kukuonea haya, maana umesikia wamempaka baba asali. Nimefanya hivyo, na mama nilikwenda naye.

Walipokosea ni hapa. Siku ile kijana alipoondoka nyumbani ilikuwa ya jua kali, nawe uliandika jua. Wao wameleta mvua. Yule dada anayesimulia kitabu kizima, kwao kazi yake ni kushika pini. Kurasa zako nne za chakula cha mchana kilicholiwa bila mtu kutamka neno zimegeuka mlango unaobamizwa. Mama naye alisema, safu nzima ikageuka kututazama, kwamba yule anayemwigiza baba anakanyaga cherehani kama anaua mende, na kwamba baba mwenyewe angekuwa amemfukuza kazi kabla ya saa nne.

Lakini fundi wao humpima mteja kwa macho kwanza, ndipo achukue tepu. Ndiye baba mwenyewe. Hilo kwenye kitabu halimo.

Sasa sura ya tisa. Kwako, fundi analichukua gazeti lenye habari ya kwanza aliyoiandika mwanawe, anasema kalamu haijapata kumvisha mtu suruali, analitia mkasi na kulifanya karatasi ya kukatia migongo ya mashati. Kijana anaondoka siku hiyohiyo. Filamu inakufuata mpaka kwenye mkasi. Kisha, miaka mingi baadaye, baba akiwa amezikwa, kijana anaitungua karatasi ile msumarini na kuona habari yake iko katikati, nzima. Mkasi uliizunguka. Pembeni pameandikwa kwa chaki ya fundi: usitupe.

Hiyo ndiyo asali uliyoambiwa. Waandishi walipomuuliza mwongozaji ameitoa wapi, alijibu kwamba anacho chanzo cha kuaminika na hatakitaja.

Chanzo hicho ni mimi, dada. Karatasi inayoonekana kwenye filamu ni ileile ya baba. Nilimwazima kabla hawajaanza kupiga picha. Wewe siku ile hukuwepo, shahidi wako nilikuwa mimi. Niliuona mkasi ukiingia, nikatoka kwa hasira kabla haujamaliza kazi, nikakuambia ameikatakata habari yangu. Ukaandika nilivyokwambia. Baba alikuwa amekwisha fariki. Miezi sita baada ya riwaya kutoka, mama aliniita kuhamisha cherehani, nikaikuta karatasi msumarini. Wakati huo wasomaji walikuwa wananionea huruma, na huruma ile, nakiri, niliizoea.

Vijana wangu ofisini nawakataza kuandika habari ya chanzo kimoja. Herufi moja ikikosewa kwenye jina la mtu, kesho yake nasahihisha. Sahihisho hili nimelikalia miaka kumi na mmoja, na baba wa watu amebaki mkatili kwenye rafu za wasomaji. Kosa ni langu, si la kitabu.

Tulipotoka, mama alisema alidhani nilikwisha kukuambia zamani. Akaongeza kwamba nusu ya mtaa walitembea na habari yangu mgongoni wasijue.

Kuhusu jina lako, uamuzi ni wako, mimi ningeliacha. Mama anakusalimu na anataka ule vizuri. Wamekubali kukuonyesha filamu peke yako, ukumbi uleule, Jumamosi saa tatu asubuhi. Kuanzia saa mbili na nusu nitakuwa mlangoni, karatasi mkononi.

Mdogo wako,
Bwana Habari, kama baba alivyonitania