Majani ya Maboga Chini ya Mashuka

Garland, Texas
Ijumaa jioni, Novemba 2018

Dada Furaha,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Mama. Jumamosi iliyopita Baba alinipa maneno niyapeleke kwa mtu, na mimi sikuyapeleka. Nilipeleka mengine. Nimeanza na hili kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, unanijua.

Sasa salamu. Hujambo dada yangu? Mtoto ameacha kukohoa? Na shemeji, mguu wake unaendeleaje? Nadhani mvua zimeshaanza hapo kambini Nyarugusu. Lile paa mlilitengeneza, au bado mnahamisha godoro kona kwa kona? Sisi ni wazima. Mama yuko hotelini kwenye kazi ileile ya kutandika vitanda, magoti yanamsumbua lakini hasemi. Yosia, mdogo wetu, ameota meno mawili makubwa ya mbele na anajibu kwa Kiingereza hata ukimgombeza kwa Kiswahili. Baba bado yuko kwenye ghala, shifti ya usiku. Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa simu ya shemeji inasomwa na ukoo mzima, na mama Riziki wa kanisani anasafiri kwenda Kigoma wiki ijayo. Atakupa mkononi.

Nianzie mbali kidogo ili uelewe.

Huku, ikifika mwezi wa kumi, joto linavunjika. Asubuhi moja unatoka nje na hewa imekuwa nyembamba. Majani ya miti yanageuka manjano, mengine mekundu, mengine rangi ya chai isiyo na maziwa, halafu yanaanguka yenyewe bila ukame wala ugonjwa. Mwaka wetu wa kwanza Mama alidhani mti ulio mbele ya nyumba unakufa. Kila jioni akawa anaumwagia maji aliyooshea mchele. Jirani alimwangalia wiki nzima, hakumwambia kitu.

Kipindi hicho ndipo mimi na Baba tunapotoka. Ilianza mwaka jana. Tulikuwa tumetoka kununua mbuzi wa sherehe ya kanisani kwenye shamba moja la mbali, mbuzi yuko nyuma kwenye gari la kuazima, na mimi nilikuwa nimepelekwa ili nizungumze Kiingereza. Mimi, ambaye darasani nikiulizwa jina natazama meza. Njiani Baba akapiga breki mpaka mbuzi akalia.

“Unaona?” akasema.

Niliona maboga. Shamba zima la maboga ya rangi ya machungwa, na kibao kando ya barabara. Hapa watu wanayanunua mwezi wa kumi, wanayachonga macho na meno, wanayaweka mlangoni mpaka yaoze.

“Maboga, Baba.”

“Achana na maboga. Angalia majani!”

Mwenye shamba ni mzee mmoja wa kizungu, anaitwa Bwana Dale. Alitukaribisha, akaenda moja kwa moja kwenye boga kubwa kuliko yote, akalibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Baba akatikisa kichwa. Bwana Dale akaleta dogo. Baba akatikisa kichwa tena, akachuchumaa, akachuma jani moja changa la juu na kulionyesha. Bwana Dale alinitazama mimi.

“Anataka majani,” nikasema. “Tunakula.”

“Chukueni yote,” akasema. “Mimi huwa nawapa ng’ombe.”

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi ya majira haya, mwaka jana na mwaka huu, tunakwenda. Baba akitoka kazini analala kidogo, saa sita mchana tunaondoka. Tunavuka daraja refu la ziwa, maduka yanapungua, kisha yanakwisha, zinabaki seng’enge, ng’ombe weusi na marobota ya nyasi yaliyoviringishwa makubwa kama vibanda vya kule kambini. Baba anafungua vioo vyote. Anaimba nyimbo za Kibembe ambazo nyumbani haimbi. Mimi siimbi, ila napiga paja, na yeye anajua kwamba huko ndiko kuimba kwangu.

Tukifika, kuna salamu. Baba anamsalimia Bwana Dale kama anavyosalimiwa mtu mzima kwetu: amelalaje, mke wake je, ng’ombe je, kisima je, mvua ilinyesha vya kutosha, wajukuu wamekuja? Mimi nasema, “Anasema habari.” Baba anageuka.

“Neema, mimi nimesema maneno mengi. Wewe umesema moja.”

“Kiingereza ni kifupi, Baba.”

“Kiingereza si kifupi. Wewe ndiwe mfupi.”

Bwana Dale hucheka hata kabla hajaelewa. Wiki ya pili Baba alimletea sufuria ya majani yaliyopikwa kwa karanga. Alikula amesimama, akamwita mkewe, naye akala amesimama. Bwana Dale akasema ng’ombe wake wamekuwa wakila vizuri kuliko yeye miaka yote hiyo. Hilo nililitafsiri lote, neno kwa neno, na Baba alilirudia mpaka tunafika Garland.

Baada ya kuchuma, tunakaa nyuma ya gari miguu ikining’inia, tunaambua zile nyuzi za kwenye vikonyo. Ndiyo dada, Baba anaambua majani. Nyumbani hawezi kushika hata mwiko, kaka zake wangemcheka mpaka kaburini. Huko anaambua haraka kuliko mimi, na huku mikono inafanya kazi, mdomo unafunguka. Amenieleza shamba la bibi lilivyokuwa, kisima kilikuwa upande gani, na kwamba wewe ukiwa mdogo ulikuwa unakula maua ya maboga mabichi. Hujawahi kuniambia. Kuna miti yenye njugu, wanaziita pekani, zimeanguka chini zimejaa, tunazipasua kwa kuzigonganisha viganjani. Mke wa Bwana Dale anatuletea maji ya matofaa ya moto yenye mdalasini. Jua linakuwa la upande, halichomi. Siku nyingine tunaambua tu. Mimi sijui kueleza furaha, lakini nikiulizwa niionyeshe kwenye ramani, nitaweka kidole hapo.

Sasa habari yenyewe. Baba mdogo Eliya, aliyeko Missouri City kule upande wa Houston, amempatia Baba kazi ya mchana. Huko kuna kanisa letu la Kiswahili, kuna akina mama wengi wa kutoka kwetu, na Mama angepata watu wa kuzungumza nao. Hapa anazungumza na vitanda. Mama anataka kwenda. Baba alikuwa anasema “tutaona, tutaona,” miezi miwili sasa.

Jumamosi iliyopita tulipomaliza kuchuma, Baba alimfuata Bwana Dale kwenye trekta. Akavua kofia.

“Mwambie hivi,” akaniambia. “Mwambie huenda tukahamia Houston kwa mdogo wangu. Kama ni hivyo, leo tunaaga. Mwambie tangu nitoke kwetu, hapa ndipo mahali pa kwanza nilipokanyaga udongo wa mtu bila kuulizwa karatasi. Mwambie sitamsahau. Yote, Neema. Usifupishe.”

Nilifungua mdomo. Bwana Dale alikuwa anasubiri, ametabasamu. Nikasema kwa Kiingereza: “Baba anasema asante, tutaonana Jumamosi.”

Bwana Dale akajibu kwamba Ijumaa usiku kutakuwa na baridi ya kugandisha, ile inayoua majani yote kwa usiku mmoja, lakini tusiwe na wasiwasi. Atafunika mstari wa mwisho kwa mashuka ya zamani ya mkewe, tuyakute majani hai. Akacheka kwa kuyafikiria hayo mashuka, akampiga Baba begani, akapanda trekta.

“Amesema nini?”

“Amesema safari njema.”

“Hayo tu?”

“Hayo tu.”

“Mbona alikuwa anacheka?”

Nikaanza kupakia majani garini. Baba alibaki amesimama, kofia mkononi, mpaka trekta likapotea nyuma ya banda.

Kurudi hakuimba. Vioo vilikuwa vimefungwa. Tulipofika darajani akasema, “Mama,” maana ndivyo anavyoniita akiwa na neno zito, “mimi nilidhani yule mzee ni rafiki.” Nikatazama maji. Akaendelea, kama anajisemea: “Basi. Afadhali Houston. Hapa tukiondoka, hakuna atakayeona pengo.” Usiku ule alimwambia Mama kwamba Jumapili hii inayokuja atampigia baba mdogo amkubalie. Mama aliosha vyombo akiimba. Hilo nalo nililisikia.

Nimefikiri wiki nzima kwa nini nilifanya vile. Sikuogopa. Nilitaka Jumamosi nyingine, basi, na njia niliyoiona ni kutosema kwamba zimekwisha. Sasa Baba anadhani ameaga mtu asiyejali, na Bwana Dale ametandika mashuka ya mkewe juu ya majani ya watu ambao kesho hawatafika. Nimechungulia nje sasa hivi. Vioo vya magari vimeanza kufanya ukungu.

Dada, simwombi Baba asihamie. Mama naye ana haki ya kupata mtu wa kumwambia habari za magoti yake. Wakisema Houston, nitafunga nguo zangu. Ila sitaki aondoke hapa akibeba lile neno la darajani, kwa sababu ni la uongo na mimi ndiye niliyelitengeneza. Mara nne wiki hii nimesimama mlangoni mwa chumba chake akiwa anajiandaa kwenda kazini. Mara zote ameuliza, “Nini, mama?” nami nimesema, “Hakuna.” Kwenye karatasi naweza. Mdomoni hayatoki.

Nisalimie bibi, umwambie bado nafunga kitambaa kichwani alivyonifundisha. Msalimie shemeji na mguu wake. Msalimie mama mkwe wako aliyekuwa akitugawia chumvi, na mjomba wa kwenye cherehani, mwambie gauni lake limenibana mabega lakini silitupi. Mbusu mtoto. Mwambie ana shangazi, samahani, ana mama mdogo anayejua kuambua majani.

Baba ameamka. Nasikia maji bafuni, sasa viatu vyake vya kazi kwenye ukumbi. Tangu niwe mkubwa haingii bila kugonga, anagonga kwa kucha, na kila akigonga mimi huisukuma barua hii chini ya kitabu cha hesabu. Kitabu kiko hapa karibu na kiwiko. Baba anasoma polepole, akifuata mstari kwa kidole, lakini Kiswahili anakisoma chote, hafupishi. Saa hizi bado ana muda kabla ya kuondoka, na kutoka kazini mpaka saa sita ya kesho, saa yetu ya shambani, ni muda wa kutosha pia.

Ukiona alama za vidole vikubwa kwenye karatasi hii, usiulize ni vya nani.

Anagonga. Nimeondoa mkono, nimeugeuza ukurasa wa kwanza uelekee mlangoni.

Ni mimi mdogo wako,
Neema