Mgeni Aliyeomba Bustani

Jumatatu, 3 Machi

Uji. Goti linauma. Kampuni ya dhahabu imeanza kupanda michongoma iliyokomaa kuzunguka bustani yake ya sukuma wiki, shambani mwangu hapa Masara. Nikauliza ua ni wa nini. Ati mbuzi. Mbuzi wa nani? Mwenye mbuzi ni mimi!

Mwaka jana waliomba kipande kidogo tu, walime mboga za wafanyakazi. Nikawapa vile tunavyompa jadak, mgeni aliyekaribishwa kukaa. Alime, ale, ashukuru. Jadak hazungushi ua. Hata mtoto anajua.

Alhamisi, 6 Machi

Atieno, binti yangu mwalimu, alikuwa akitayarisha somo la historia. Nikamwambia asome kwa sauti. Waholanzi walifika Rasi ya Tumaini Jema wakalima bustani, ya mboga tu, ya kulisha watu wa meli. Kampuni pia! Halafu wakapanda ua wa milozi michungu. Wenye ng'ombe wakabaki nje. Waingereza nao huko Amerika walikuwa wakifa njaa, wenyeji wakawapelekea mahindi. Waliposhiba wakataka na shamba.

Nikatema mate.

"Baba, umelowesha kitabu cha shule!"

Kilowe.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato. Mahubiri sikusikia hata neno. Nilipotoka kanisani nikaenda kuangalia ule ua. Umepita kaburi la Nyar Sindo, mke wangu. Yeye ndani, mimi nje. Wezi! Nimetoa matusi ya Kijaluo yote, yakaisha, nikaongeza ya Kikuria niliyookota Isebania. Sabato itanisamehe.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao kwa chifu. Meneja wa kampuni, kijana wa viatu vya kung'aa, akatoa karatasi. "Mzee, uliuza. Kidole chako si hiki?"

Kidole ni changu. Ujinga pia ni wangu. Nimefika darasa la nne, kusoma najua. Siku ile ya kuweka kidole nilijifanya sijui, ili niwacheke wakinieleza polepole kama mtoto anayenyonya. Nilicheka kweli. Wakanipa blanketi mbili, nikadhani ni shukrani ya jadak. Mbwa analalia moja.

Chifu anasema tungoje watu wa ardhi. Kungoja ni kuzuri kwa mwenye ua.

Nimempigia simu Ochieng, kifungua mimba wangu, anayeuza samaki Sindo. Nikamwambia, njoo na mkeo. Nyumba yako imekaa bomani kwangu vya kutosha, utajenga boma lako.

Jumatano, 12 Machi

Leo tumemhamisha Ochieng kwa desturi. Alfajiri nilitangulia, yeye nyuma na jogoo na shoka, mkewe na moto. Shoka lilianza na michongoma. Lango likapatikana. Nyumba lazima isimame siku hiyo hiyo, kwa hivyo ukoo mzima ulikuja na miti, mabati na midomo.

Askari wa kampuni akaja mbio na rungu. Mtu wa Homa Bay. Akaona jogoo, akasimama kama amegonga ukuta. Mjaluo gani atavunja boma siku linapozaliwa? Laana ya chira itamfuata mpaka kwa wajukuu.

Nikamwambia, "Omera, ndugu yangu, hilo rungu linakuchosha bure. Tushikie huu mti."

"Mzee, utanifukuzisha kazi."

"Basi utakuja kuwa jadak wangu. Wewe najua utashukuru."

Akashika! Meneja alipigia simu kelele mpaka ikazima. Jioni moshi ulitoka, hatua kumi kutoka kaburini.

Jumapili, 16 Machi

Jogoo amewika. Mke wa Ochieng amechuma sukuma wiki ya kampuni. Tamu, siwezi kudanganya. Watu wa ardhi watakuja wakija.

Nimekaa kaburini na nakala ya ile karatasi. Nimeisoma yote kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka kwenye kidole. Nyar Sindo alinisomea Biblia kila jioni tangu nimwoe, kwa sababu nilimwambia sijui kusoma. Nilipenda tu sauti yake.

Sasa amejua.