Mlango Usiokuwa Kwenye Orodha

Jumatatu, 3 Machi

Kontakta ya laini ya pili imeungua. Ile swichi kubwa inayowasha mota – saa tatu asubuhi mlio, moshi, kimya. Mabeseni ya plastiki yamegandia kwenye mashine nusunusu. Fundi kaifungua, akaniletea puani ninuse. Nywele zilizoungua. Basi, koili imekwenda.

Bosi kashuka na kikombe chake cha chai. Mpya ni wiki sita mpaka ifike, na bei yake – akacheka kile kicheko cha puani. Tafuta iliyotumika, anasema. Wewe si ndiye mnunuzi? Nunua! Halafu akawatazama wanawake tisa wa laini ya pili, waliokaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, akasema isipopatikana hadi Jumanne ijayo watafute kazi kwingine. Mbele yao! Wote tisa wakanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeiunguza.

Ampea mia na hamsini, koili ya volti mia mbili na ishirini. Nimeandika kiganjani kwa kalamu.

Jumanne, 4 Machi

Yadi ya vyuma, kwa Pweza. Tunamwita hivyo kwa sababu huna utakachoshika ambacho mkono wake haujakishika kwanza. "Dada mnunuzi! Leo una bahati, ninayo moja haijawahi hata kuguswa."

Haijaguswa, mdomo wake! Imepakwa rangi juu ya kutu. Nikaibonyeza kwa kidole gumba – inakwama. Nikafungua kifuniko, pointi za fedha zinang'aa mno. Nikazipitishia ukucha: mikwaruzo ya msasa. Kazisugua usiku kucha, mwizi mkubwa. Nikamwambia hii nikiifunga leo, kesho itagandana, tubonyeze kuzima mashine isizime, halafu mkono wa mtu uende na maji. Yeye anacheka. Eti mkono wa nani? Si wako!

Nikataka kuondoka ndipo akasema kwa upole: saizi hiyo katika mji huu ilikuwa sehemu moja tu. Kiwanda cha nguo. Kile kilichokufa. Mfilisi yuko pale anauza kila kitu, mpaka misumari.

Nikajifanya sijui kiko wapi. Miaka minane nimelala mle ndani, kwenye kota za wafanyakazi, mke wa mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda. Mfilisi kaweka meza yake kwenye ukumbi wa mashine za kufumia, ambazo hazipo tena – zimebaki boliti sakafuni. Ana orodha iliyopigwa chapa, kurasa kumi na nne. Kila kinachouzwa anakifuta kwa rula. Kontakta za saizi yangu zilikuwa sita. Zote zimefutwa! Wiki iliyopita tu.

Mlinzi wa geti ni Baba Mkwe. Yaani aliyekuwa baba mkwe wangu. Alikuwa fundi umeme mkuu wa kiwanda hiki, sasa anakilinda kisiibiwe na wenye haki ya kukiuza. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Mwanangu! Mwanawe wa kuzaa alishaoa kwingine na kuhama, yeye bado ananiita mwanangu. Kila nilichojua kuhusu swichi, yeye ndiye aliyenifundisha, jioni, pale barazani kwake. Hata kunusa koili.

Njiti, binti yangu, yuko shule. Nikamuulizia. Mzima, babu anasema, kapanda darasa la nne, bado mwembamba vilevile.

Mama Mkwe alikuwa anafua. Hakuinuka. Akasema, bila kunitazama, kwamba hata paka aliyefukuzwa hurudi kuchungulia jikoni. Bomba linamwagika mbele yake, shaa, shaa, anaringa nalo. Nikamjibu nimekuja kikazi. "Kazi gani? Ya kunusa matakataka ya watu?" Majirani wakacheka.

Nimefika nyumbani ndipo likanijia. Lile bomba. Maji yanapandaje, na kiwanda kimekatiwa maji ya mji? Pampu ya kisima ya chumba cha kutia rangi nguo! Bado inafanya kazi. Na pampu ile, mota yake kubwa, inawashwa na nini?

Nilipopita pale leo niliona marobota ya vitambaa yamepangwa hadi juu, ukutani, nyuma ya ukumbi. Palikuwa na mlango pale, wa nyumba ya pampu. Kumbe mzee kauficha! Mfilisi hajauona, kwa hiyo haumo kwenye zile kurasa kumi na nne.

Ijumaa, 7 Machi

Sijafanya kitu. Nimekaa ofisini nachora duara kwenye karatasi.

Acha niandike, maana hapa hapana wa kunisikia. Kikao cha familia, miaka miwili iliyopita. Wazee watano, soda tano. Mtoto akae na nani? Mama Mkwe akasimama: kwa huyu kuna nini? Chumba kimoja, maji ya kununua kwa madumu! Kwangu bomba liko mlangoni. "Kwako hata maji huna, mtoto utamwogesha mate?" Wakacheka, wazee wa watu wenye mvi. Wakaamua Njiti abaki kwa bibi. Kwa sababu ya bomba. Mwanangu wa miaka saba wakamgawa kwa sababu ya bomba!

Na mimi najua bomba lile linaning'inia kwenye nini.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesema.

Mfilisi alikuwa anafunga mkoba aende zake. Nikamwambia, mzee, kuna mlango mmoja haumo kwenye orodha yako. Akavaa tena miwani. Haikuchukua hata dakika mbili.

Nimerudi nimepika, nimekula, nimelala mchana. Usingizi mtamu.

Jumapili, 9 Machi

Nimefua shuka za Njiti. Nimesogeza kabati, kitanda chake kidogo kitaingia pale dirishani. Madumu mawili ya maji yanatosha watu wawili. Sasa aseme tena yule bibi! Kota nzima, milango ishirini na minne, wote watajua maana ya dumu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, eh? Wauonje.

Jumatatu, 10 Machi

Mfilisi alimtaka Baba Mkwe mwenyewe aifungue kontakta ya pampu. Nani mwingine anazijua nyaya zile? Nilidhani nitatuma fundi wetu, bosi akakataa – nenda wewe, usije ukauziwa kinyesi.

Kwa hiyo nilisimama pale nikamtazama. Marobota yamesukumwa, mlango wazi. Kila waya aliouchomoa aliufunga kikaratasi na kuuandika: moja, mbili, tatu, koili. Kwa mwandiko ule wake ulionyooka. Nikamuuliza vya nini, baba, wakati haitarudi? Akasema ndivyo kazi inavyofanywa. Alipoishusha aliipuliza vumbi, akaibonyeza mara moja kwa gumba. Klak! Safi, nzito. Miaka kumi na tisa, na pointi zake kama zimetoka dukani jana.

Aliifunga kwenye koti lake la ulinzi akanipa mikononi. Pole pole akasema, mfilisi akiwa hatua tatu tu kutoka kwetu, "Tuliokuwa tunaujua mlango ule ni watatu. Mimi, mama yako, na wewe."

Akaongeza kwamba koili haipendi unyevu, tuifunge mbali na mvuke wa mashine. Basi. Akaenda getini kunifungulia.

Nje bomba lilikuwa linatoa matone. Wanawake wamepanga ndoo, wanagombana. Mama Mkwe kalishika kwa mikono miwili analitikisa. Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimeisubiri picha ile miaka miwili! Kicheko hakikuja, sijui kwa nini.

Jumanne, 11 Machi

Laini ya pili inaunguruma tangu saa mbili. Wale tisa wamenikumbatia mpaka kilemba kimeanguka. Mmoja analia. Bosi kanisifu mbele ya wote, eti huyu ndiye mnunuzi, ameleta kitu cha bei ya chuma chakavu kinachofanya kazi kuliko kipya. Kamnunulia kila mtu soda.

Fundi anauliza nimeitoa wapi. Nikamwambia kwa watu.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kumchukua.

Nimenunua viatu vipya, nimebeba na mfuko wa nguo zake. Nilikuwa nimepanga maneno: mama, sasa kwako hata maji huna. Nimeyarudia njia nzima.

Mama Mkwe yuko kitandani. Kateleza Alhamisi kwenye kisima cha bondeni, na ndoo kichwani, nyonga imevunjika. Miguu imenyooka kama ya maiti. Uso umeingia ndani. Yeye ndiye aliyeanza. Akasema, "Mchukue."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Mchukue mwanao. Hapa si pa kukaa mtoto tena." Machozi yanamtiririka hadi masikioni, hawezi hata kuyafuta. Miaka miwili nimelililia neno lile!

Njiti akaingia na ndoo ya lita ishirini. Nusu imemwagikia gauni. Wa kumtua hakuna, kajitua mwenyewe, kwa goti, kama mtu mzima. Nikamwonyesha viatu. Akavivaa, akafurahi, akazunguka. Kisha akavivua akavipanga vizuri chini ya kitanda cha bibi. "Siji mama."

Nini?

"Babu yuko getini. Bibi hawezi hata kugeuka. Nikija kwako nani atachota?"

Shule je? Hajaenda tangu Alhamisi. Kisima kina foleni, anasema, ukichelewa unakuta tope. Viganja vyake – sitaki kuandika viganja vyake.

Nikamuuliza, babu anasema nini kuhusu maji? Akasema babu aliwaambia kuna mtu alikuwa na shida kubwa kuliko yao, ndiyo maana swichi ikaenda. Hajawaambia kwamba ni mimi! Hata mkewe! Mzee yule angenitukana ningejua pa kusimama.

Nimerudi na mfuko wa nguo kama nilivyokwenda nao.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwomba bosi. Nimesema tununue mpya, hizo wiki sita zipite, ile irudi ilikotoka. Nikaeleza kuna familia, kuna mgonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho – huo ndio ukatili wake, anakuacha umalize. Kisha akaniuliza kama awaite wale tisa niwaeleze mwenyewe.

Nilipita kwenye laini yao. Mmoja akanirushia busu.

Jumatano, 19 Machi

Pweza. Karibu nimpigie magoti. Akanitolea moja, imepakwa rangi ya kijani mbichi kabisa. Nikaigeuza: alama ya bisibisi ya fundi wetu ubavuni. Ile ile yetu iliyoungua! Bosi alimuuzia kama chakavu, naye kaivisha koili ya kuokoteza, anataka kuniuzia tena. Nikamtupia. Akacheka mpaka akakaa chini. Dada, anasema, biashara ni mviringo.

Kisha akaniona uso. Akaingia ndani akatoka na nyingine, imefungwa kwenye gazeti. Nimeibonyeza, nimeinusa, nimepitisha ukucha. Haina doa. Ampea mia na ishirini – ndogo kidogo, ila kwa pampu ile, ikipumzishwa mchana, itavumilia. Nimelipa mshahara wangu wa mwezi. Sikupunguziwa, sikuomba.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya nyumba ya pampu, kontakta iko mapajani, ndani ya gazeti lake.

Nilifika saa nane. Mlango wazi, vijana wanne wamefunga mnyororo wanaivuta pampu kutoka kisimani. Bomba moja moja linapanda, limelowa, wanalilaza kwenye nyasi. Mfilisi ana ukurasa mpya, wa kumi na tano. Pampu. Mota. Mabomba kumi na mawili. Ubao wa umeme. Alinipa mkono, akanishukuru kwa moyo wote. Eti bila mimi vyote hivi vingemponyoka.

Baba Mkwe amesimama getini, hajageuka. Vile vikaratasi vyake bado viko kwenye nyaya: moja, mbili, tatu, koili. Kwa hiyo alikuwa ananisubiri. Alijua nitarudi nayo! Ndiyo maana aliandika.

Bosi kanipigia. Kaiona orodha. Pampu ile inatufaa, anasema, wewe uko huko huko, itazame uniambie: nzima au mbovu? Anataka jibu kabla ya saa kumi. Nikisema nzima, inakwenda kwetu. Nikisema mbovu, Pweza yuko nje na mizani yake.

Njiti kapita na ndoo. Kaitua kando yangu, akakaa, akaweka kichwa begani kwangu. Ananuka tope la kisima. Akaitazama ile iliyo mapajani, akauliza ni nini, nikamwambia ni swichi. Macho yakamng'aa, kisha akawatazama wale vijana na mnyororo wao.

Akasema, mama, wewe unawajua watu wote wa vyuma. Hebu waulize ni nani aliyemwonyesha yule mzee wa miwani mlango huu.

Nimemwambia nitauliza.

Simu inaita tena. Njiti anaitazama, anasema pokea mama, pengine ndiye anayejua.